Fedha za Kaunti Zifike Kabla ya Mvua

Na Karani wa Afisi ya Ukulima

Kila mkulima ajua ya kuwa mbegu ikifika shambani baada ya mvua kupita haina faida. Labda wapewe kuku. Mbegu ni ile ile, uzito wake ni ule ule, na bei iliyolipwa ni ile ile, lakini wakati wake umekwisha. Nataka kueleza hapa ya kuwa fedha za Serikali zinazopelekwa kwa kaunti zetu ni kama mbegu hiyo. Kila mwaka watu hubishana sana juu ya wingi wa fedha hizo: je, ziwe bilioni 380 au ziwe bilioni 400? Ni swali jema, wala sisemi lisiulizwe. Lakini kwa mkulima liko swali lingine lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: fedha hizo zafika lini?

Mimi ni karani, na kabla ya kushika kazi hii nilisomea ualimu. Desturi ya mwalimu ni kuanza somo tangu mwanzo wake ili hata mtoto wa mwisho darasani asiachwe nyuma. Basi nami nitaanza na habari za zamani kidogo, kwa sababu jambo hili si geni katika nchi yetu.

MABARAZA YA ZAMANI

Mabaraza ya Wenyeji yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 1924. Mwaka 1950 yalipewa sheria mpya na kuitwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Baada ya Uhuru mwaka 1963 tukawa na Mabaraza ya Kaunti. Majina yalibadilika, lakini kazi zilikuwa za namna moja: shule za msingi, zahanati, barabara ndogo, masoko, maji na majosho. Wazee wengi waliosoma katika miaka ile walisoma katika shule zilizolipiwa na baraza.

Fedha za kazi hizo zilitoka wapi? Nyingine zilitoka kwa ushuru wa mazao na ada za masoko. Nyingine zilitoka Serikalini kama msaada. Na sehemu kubwa ilitoka kwa ile kodi ya kila mtu iliyopimwa kwa kadiri ya mapato yake. Shida ilianza pale kazi zilipokua kuliko fedha. Watoto waliongezeka shuleni, wagonjwa waliongezeka zahanati, lakini kodi ilikusanywa kwa taabu na msaada wa Serikali haukutosha. Mabaraza mengi yakashindwa hata kuwalipa waalimu mishahara yao. Ndipo mwaka 1967 ikaundwa Tume ya Kuwaajiri Waalimu, na mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya kuyaondolea Mabaraza ya Kaunti kazi zao kubwa. Tangu Januari 1970, elimu ya msingi, afya na barabara zikahamia Serikali Kuu, na ile kodi ikahama pamoja nazo.

Tangu hapo Baraza la Kaunti likawa kama mzee aliyebakiwa na fimbo tu. Lilikuwa na diwani, lilikuwa na karani, lilikuwa na soko la kufagia, lakini nguvu halikuwa nayo. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya kuyapa mabaraza yote asilimia 5 ya kodi ya mapato, na kwa msaada huo yalipumua kidogo. Wakati huo huo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Serikali ilikuwa imeanza kujitoa katika kazi nyingi za mifugo, kama kuosha ng'ombe na kuwatibu, na kuwaachia wakulima wenyewe. Majosho mengi yakakauka, na ndigana ikapata nafasi yake. Mpaka leo katika sehemu nyingi utaona josho lililojaa majani, na mwembe umeota mahali ng'ombe walipokuwa wakiruka majini.

Somo la habari hizi ni moja. Kazi na fedha ni kama jembe na mpini. Anayekupa jembe bila mpini hakukupa kitu cha kulimia, na anayekupa mpini bila jembe amekupa kuni. Mabaraza ya zamani hayakufa kwa sababu wananchi hawakuyapenda. Yalidhoofika kwa sababu yalipewa kazi bila fedha za kutosha, na fedha zilizokuwapo hazikuwa na hakika.

KATIBA YASEMAJE?

Waliotunga Katiba ya mwaka 2010 waliyajua mambo hayo. Kwa hiyo, pamoja na kuunda kaunti 47, waliandika pia fedha zake. Yafaa kila mkulima azijue sehemu chache za sheria hiyo, kwa maana asiyejua haki yake hawezi kuidai.

Kwanza, kazi. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti ukulima wa mimea na ufugaji, minada ya mifugo, machinjio, kuzuia magonjwa ya mimea na wanyama, na uvuvi. Limeipa pia hospitali na zahanati, barabara za kaunti, maji, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo yule bwana shamba anayekuja shambani kwako, na yule daktari wa mifugo unayempigia simu usiku ng'ombe anapovimba tumbo, ni watumishi wa kaunti.

Pili, fedha. Kifungu cha 203 chasema ya kuwa katika kila shilingi 100 za mapato yanayokusanywa na Serikali ya Taifa, kaunti zote kwa pamoja zisipewe chini ya shilingi 15. Lakini angalia vizuri. Shilingi hizo hazihesabiwi kwa mapato ya mwaka huu. Huhesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuzikubali hesabu, kipimo nacho hubaki nyuma. Kwa mfano, mgao wa mwaka wa fedha 2024/25, ambao ulikuwa shilingi bilioni 387.4, ulipimwa kwa mapato ya mwaka 2020/21. Kwa hesabu hiyo ulionekana ni karibu shilingi 25 katika kila 100. Lakini kodi iliyokusanywa ilikuwa imekwisha kupita shilingi bilioni 2,000 tangu mwaka 2021/22. Basi mtu akikuambia ya kuwa kaunti zimepewa robo ya mapato, muulize kwa upole: robo ya mapato ya mwaka gani?

Tatu, wakati. Kifungu cha 219 chasema ya kuwa fungu la kaunti lipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu, na bila kukatwa. Waliotunga Katiba hawakuridhika na kusema fedha zipelekwe. Waliongeza habari ya kuchelewa kwa sababu walijua ya kuwa ahadi isiyo na siku yake ni nusu ya ahadi.

Mgao umeongezeka, hilo ni kweli, na yafaa tuseme kweli. Mwaka wa fedha 2013/14, ambao ulikuwa wa kwanza, kaunti zilipewa shilingi bilioni 190. Mwaka 2021/22 zilifika bilioni 370. Kwa mwaka 2025/26 zilikubaliwa bilioni 415. Bei za petroli, dawa na mbolea nazo zimepanda, lakini hakuna awezaye kusema hakuna kilichofanyika. Shida iliyobaki ni siku ya kufika.

KALENDA MBILI

Afisi ina kalenda yake na shamba lina kalenda yake. Mwaka wa afisi huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mwaka wa shamba hufuata mvua: masika huanza Machi, na vuli huanza Oktoba. Mkulima wa Bonde la Ufa hupanda mahindi Machi na Aprili. Mkulima wa Ukambani hutegemea zaidi mvua ya Oktoba hadi Desemba. Wote wawili hawawezi kuiambia mvua ingoje mpaka karatasi itiwe sahihi.

Fedha zikija kila mwezi kama ilivyopangwa katika ratiba inayopitishwa na Seneti, kalenda hizi mbili zaweza kukaa pamoja bila ugomvi. Fedha za Julai, Agosti na Septemba hutayarisha kazi za vuli; fedha za Desemba, Januari na Februari hutayarisha kazi za masika. Lakini haikuwa hivyo mara nyingi. Mwaka 2020 Maseneta walibishana juu ya kipimo cha kugawia fedha hata ikafika Septemba, na kaunti zikatangaza ya kuwa zitafunga huduma. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, mgao wenyewe ulibishaniwa tena miezi kadhaa baada ya mwaka wa fedha kuanza. Na hata katika miaka isiyo na mabishano makubwa, magavana wamelalamika mara nyingi ya kuwa Hazina ya Taifa ina deni la miezi miwili, mitatu au zaidi.

Fedha zinapochelewa, mshahara ndio hutafutwa kwanza, na ni haki, kwa maana mtumishi naye ana watoto. Kinachongoja ni petroli, chanjo, dawa ya josho, mbegu za mfano na kifusi cha barabara. Matokeo yake ni ya ajabu: bwana shamba yupo afisini, mshahara wake umelipwa, pikipiki yake iko chini ya mti, lakini hawezi kwenda shambani kwa sababu hakuna petroli. Serikali imelipa gharama kubwa ya kumweka mtu, kisha imekosa gharama ndogo ya kumtuma. Mkulima akimwona amekaa, humwita mvivu.

Nitatoa hesabu ndogo, kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni. Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme wadi moja ina ng'ombe 4,000, na kumchanja kila mmoja kimeta na chambavu ni shilingi 100 pamoja na petroli na posho. Jumla ni shilingi 400,000. Fedha zikifika Januari, ng'ombe wote huchanjwa kabla ya mvua. Sasa tuseme zimefika Juni. Mvua imekwisha kunyesha, ugonjwa umepita, na ng'ombe 40 wamekufa, kila mmoja wa shilingi 60,000. Hasara ya wakulima ni shilingi 2,400,000, yaani mara sita ya gharama ya chanjo. Na tazama jambo hili: katika vitabu vya Serikali hakuna hata senti moja iliyopotea. Shilingi 400,000 zilipelekwa, zikapokelewa, zikatumiwa, na risiti zipo. Ile hasara ya milioni mbili na zaidi haiandikwi katika daftari lolote, maana imeandikwa katika boma la mkulima.

Liko jambo jingine ambalo sisi makarani twaliona kila mwaka. Fedha zilizochelewa mwaka mzima huja kwa wingi mwezi wa Mei na Juni. Hapo kila afisi hukimbia ili kuzitumia kabla ya vitabu kufungwa tarehe 30 Juni. Katika haraka hiyo hununuliwa vitu ambavyo havikuhitajiwa, kwa sababu vile vilivyohitajiwa wakati wake umepita. Huwezi kununua mbegu ya masika mwezi wa Juni. Lakini waweza kuitisha semina. Mfanyabiashara naye, aliyeipa kaunti mali kwa mkopo na akangoja mwaka mzima bila kulipwa, mara nyingine hupandisha bei au hukataa kabisa. Kwa hiyo kuchelewa hakuharibu majira ya mwaka huu tu. Kunafanya shilingi ya mwaka ujao inunue vitu vichache zaidi.

MANENO YA WANAOPINGA

Najua wako watakaonijibu, na yafaa majibu yao yasikizwe.

Wa kwanza husema: Hazina haiwezi kutoa fedha ambazo haijakusanya, kodi huja kidogo kidogo. Ni kweli. Lakini Serikali ya Taifa na kaunti hula katika chungu kimoja. Chakula kikipungua, haifai mtoto mmoja apakuliwe kila siku na mwingine aambiwe angoje wiki ijayo. Tena hatusemi ya kuwa fedha zote zitolewe siku moja. Twasema ya kuwa, kama kuna miezi ambayo haiwezi kukosa fedha, basi miezi hiyo ni Agosti na Septemba kabla ya vuli, na Januari na Februari kabla ya masika. Mkopo wa mwezi wa Mei hauwezi kulipa njaa ya mwezi wa Machi.

Wa pili husema: kaunti zenyewe hula fedha; zikiletewa mapema zitakula mapema. Sitawatetea wanaokula. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huandika taarifa kila mwaka, na makosa aliyoyataja ni mengi. Msimamizi wa Bajeti naye ameonyesha mara nyingi ya kuwa kaunti nyingi hazifikishi sheria ya mwaka 2012 ya kuweka asilimia 30 ya bajeti katika kazi za maendeleo. Lakini dawa ya ugonjwa huo ni ukaguzi, wala si kuchelewesha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari huandikwa vizuri zaidi wakati kazi inafanywa kwa utaratibu kuliko wakati inafanywa kwa mbio usiku wa tarehe 29 Juni. Mwizi hupenda haraka. Fedha zinazokuja kwa siku inayojulikana ni rahisi kufuatwa, kwa sababu kila mtu ajua zilikuja lini na zilipaswa kufanya nini.

Wa tatu husema: kaunti zijitegemee, zikusanye kodi zao. Ndiyo, na zaweza kukusanya zaidi kuliko zinavyokusanya. Katiba imezipa kodi ya ardhi na nyumba, kodi ya maburudani, na ada za huduma; na mkulima hulipa ushuru wa mazao, ule uitwao sesi, gunia lake linapopita kizuizini. Lakini kaunti hazifanani. Kaunti yenye mji mkubwa ina majumba na maduka ya kutoza. Kaunti ya wafugaji ina upepo na mifugo. Ndiyo maana Katiba imeweka pia Hazina ya Usawazishaji, ambayo ni nusu shilingi katika kila shilingi 100, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Nayo hazina hiyo imetoka kwa mwendo wa kobe. Kumwambia mtu wa sehemu zile ajitegemee wakati fungu lake la haki halijafika ni kumwambia apande ngazi isiyo na vipago.

MAMBO TUNAYOYAOMBA

Kwa hiyo naona mambo matatu yafaa yafanywe.

Jambo la kwanza ni la Hazina ya Taifa, Seneti na Bunge. Mabishano ya mgao yaishe kabla ya tarehe 30 Juni, kama kalenda ya bajeti inavyotaka, na ratiba ya miezi ifuatwe. Na pale fedha zinapopungua kweli kweli, ile miezi minne niliyoitaja isirukwe.

Jambo la pili ni la kaunti zetu wenyewe. Mgao huu wa kaunti hauna kamba. Gavana na Bunge la Kaunti ndio wanaoamua uende wapi. Basi kaunti isingoje Hazina tu kisha ilaumu. Katika mpango wake wa matumizi iandike kazi za majira peke yake: chanjo, dawa za josho, petroli ya maafisa wa ugani, na barabara za kutolea mazao. Kisha iamue ya kuwa, fedha zikifika katika miezi ile, kazi hizo zilipwe kwanza, pamoja na mishahara, kabla ya safari, kabla ya samani na kabla ya hafla. Kaunti inayolia ya kuwa fedha zimechelewa, kisha inapozipata inanunua viti, haiwezi kusikizwa. Tena yafaa ikumbuke ya kuwa mwaka 2003, huko Maputo, nchi za Afrika ziliahidi kuweka asilimia 10 ya bajeti zao katika ukulima. Na katika kipimo cha kugawia fedha kilichopitishwa na Seneti mwaka 2020, ukulima ulipewa pointi 10 katika 100. Kaunti nyingi zimepata sehemu ya fedha zao kwa jina la mkulima. Basi mkulima naye ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi.

Jambo la tatu ni letu sisi wenyewe, nalo ndilo gumu.

KAZI YETU SISI WAKULIMA

Wengi wetu twajua bei ya mahindi ya kila soko, lakini hatujui bajeti ya kaunti yetu. Ukitangazwa mkutano wa bajeti katika ukumbi wa wadi, wanaokuja ni wale wale kumi, na nusu yao wamefuata chai na nauli. Kisha baada ya mwaka twasema, "Serikali imetusahau." Serikali hukumbushwa, na mahali pa kuikumbushia ni katika mkutano ule.

Hizi ndizo tarehe za kuandika ukutani. Kufikia tarehe 1 Septemba kaunti huwa imetoa mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata; kama josho lako halimo humo, huenda lisiwemo kabisa katika bajeti. Kufikia tarehe 28 Februari hutoa karatasi ya mwelekeo wa fedha, inayoonyesha kila idara itapewa kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio hupelekwa kwenye Bunge la Kaunti, na kufikia tarehe 30 Juni hupitishwa. Mkulima anayekuja kulalamika mwezi wa Julai amekuja na mbegu baada ya mvua.

Ukienda mkutanoni usiende na hasira tu. Nenda na maswali matatu, na uyaandike kabla ya kutoka nyumbani. Moja: katika kila shilingi 100 za kaunti yetu, ukulima na mifugo vimepewa ngapi, na katika hizo, ngapi ni za mishahara na ngapi ni za kazi? Mbili: mwaka uliopita fedha za chanjo na dawa za josho zilifika mwezi gani, nazo zilitumiwa mwezi gani? Tatu: sesi iliyokusanywa katika wadi yetu ni shilingi ngapi, na ni barabara gani iliyotengenezwa nayo? Usitosheke na jibu la "tunalishughulikia." Omba jibu lenye namba na lenye mwezi.

Haya si maneno ya ndoto. Kaunti ya Makueni imejulikana kwa kuwaita wananchi tangu kijijini wachague miradi na kamati za kuiangalia, na kaunti hiyo ndiyo iliyojenga kiwanda cha maembe pale Kalamba, mahali ambapo zamani mkulima alikuwa mikononi mwa dalali. Sisemi kila jambo kule ni jema. Nasema ya kuwa fedha za umma zikiangaliwa na macho mengi zapata aibu ya kupotea.

Jambo la mwisho kwa upande wetu: tulipe tunachopaswa kulipa. Mtu anayepitisha gunia lake usiku ili asitozwe sesi, kisha mchana adai barabara, amejinyima haki ya kusema. Lipa, chukua risiti, iweke. Risiti ile ndiyo tiketi yako ya kuuliza swali la tatu.

Wiki chache zilizopita mzee mmoja alifika kwenye meza yangu akauliza chanjo itakuja lini. Nilimwonyesha barua ya kuombea fedha, ikiwa imeandikwa vizuri na kutiwa sahihi zote. Akaitazama, akasema, "Mwanangu, karatasi hii ni nzuri, lakini ng'ombe wangu hawasomi." Alisema kweli. Bajeti ni karatasi, mgao ni karatasi, na hata Katiba ni karatasi, mpaka siku petroli itakapotiwa kwenye pikipiki na sindano ifike bomani.

Basi, wakulima wenzangu, ulizeni afisi ya wadi yenu mkutano ujao wa bajeti utakuwa siku gani. Andikeni siku hiyo pale mnapoandika siku ya kupanda, na mwende.